Samaki Waliobaki Hai Bwawani: Je, Wana Jeni za Kustahimili Chumvi?

Swali: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mfugaji mdogo wa samaki huku Jomvu. Mwezi wa pili nilinunua vifaranga 1,000 wa tilapia kutoka bara, wakasafirishwa usiku kucha ndani ya mifuko yenye oksijeni, na asubuhi nikawamimina katika bwawa nililolijaza maji ya kisima changu. Siku nne hazikutimia, 620 walikuwa wamekufa. Baadaye kijana mmoja mwenye kipimo cha chumvi alinipimia maji akakuta gramu 19 kwa lita. Hao 380 waliobaki wanakula vizuri na wanakua, na hata joto la kaskazi wamelivumilia. Nauliza: je, hawa wana jeni za kustahimili chumvi na joto? Nikiwazalisha wao kwa wao nitapata mbegu yangu mwenyewe, ya kuwauzia wenzangu wa pwani? Jirani yangu ananishauri niwachanganye na tilapia wa baharini. Mfugaji wa Jomvu.

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole sana kwa hasara. Swali lako ni zuri kuliko maswali mengi yanayoletwa na wanafunzi wangu, kwa kuwa umeona jambo kwa macho yako na ukajaribu kulitafutia sababu. Nakujibu moja kwa moja kabla sijaeleza: yamkini baadhi ya samaki wako wana urithi uliowasaidia, lakini kubaki hai peke yake si ushahidi wa hilo, na ukiwazalisha wao kwa wao kwa namna unayokusudia, kuna hatari ya kweli ya kupata mbegu iliyo dhaifu kuliko ile uliyoinunua. Kuhusu shauri la jirani, hilo lina maneno yake, nitalifikia.

Tuanzie ndani ya matamvua, au mashavu kama wasemavyo wauza samaki wa Kongowea, kwa sababu huko ndiko vifaranga wako 620 walikofia. Damu ya tilapia ina chumvi kiasi cha theluthi moja ya ile ya bahari. Ikiwa bahari yetu ina takriban gramu 35 kwa lita, basi maji yaliyo sawa na damu ya tilapia ni yale ya gramu 11 au 12. Samaki akiwa katika maji matamu, maji hujipenyeza mwilini mwake bila kualikwa na chumvi yake hutoroka. Naye hujilinda kwa kutoa mkojo mwingi mwepesi na kwa kuivuta chumvi kutoka majini kupitia seli maalumu zilizomo katika matamvua. Akiwa katika maji yenye chumvi kuliko damu yake, mambo hupinduka: maji humtoka, chumvi humwingia, naye hulazimika kunywa maji yale yale ya chumvi na kuisukuma chumvi nje. Kisima chako cha gramu 19 kiko ng'ambo ya mpaka huo. Vifaranga wako walilala katika maji matamu, na kulipopambazuka wakatakiwa kuendesha mtambo ule ule kinyumenyume. Kuugeuza mtambo huo ni kazi ya siku kadhaa, kwa maana seli za matamvua zenyewe lazima zibadilishwe, si kuwashwa tu. Ulipowaona wanageuka weusi, wanapoteza mizani na kulala ubavu huku wakihema, ulikuwa ukiwatazama samaki wakikauka wakiwa ndani ya maji.

Sasa jeni. Watu wengi wanapolisikia neno hili hudhani kwamba kuna jeni moja ya chumvi, ambayo samaki fulani anayo na mwenzake hana, kama vile mmoja ana ufunguo wa nyumba na mwingine hana. Laiti ingekuwa hivyo, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Ukweli ni kwamba sato wa mto Nile, ambaye kwa jina la kisayansi ni Oreochromis niloticus na ambaye bila shaka ndiye uliyeuziwa, anazo karibu zana zote za kuishi katika maji ya chumvi. Anayo pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo ndiyo injini ya kazi nzima. Anayo protini inayoiingiza chumvi katika seli kutoka upande wa damu. Anao pia mlango wa kuitolea nje kloraidi, ambayo ni nusu moja ya chumvi, ambao ni ule ule uliomo katika mapafu yetu sisi binadamu, na unapoharibika ndani ya binadamu huleta ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi. Zaidi ya hayo, mababu wa samaki hawa wenye mifupa, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, walipata nakala mbili za kila jeni kwa mkupuo mmoja, na baadhi ya nakala hizo zimebaki hadi leo zikiwa zimegawana kazi. Ile pampu, kwa mfano, ina toleo linalotumika zaidi katika maji matamu na toleo jingine linalotumika zaidi katika maji ya chumvi. Jambo hili limeonekana kwa samoni, na likaonekana pia kwa tilapia wa Msumbiji.

Basi ikiwa zana ni zile zile, kwa nini tilapia wa Msumbiji anaishi baharini bila taabu na sato anakufa akimiminwa ghafla katika maji ya gramu 18 au 19? Tofauti kubwa imo katika swichi. Pembeni mwa kila jeni kuna kipande cha DNA kinachoamua jeni hiyo iwashwe lini, kwa nguvu gani, na katika seli zipi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ulichapishwa mwaka 2002 na watafiti wawili wa Marekani, Streelman na Kocher. Walishughulika na prolaktini, homoni itokayo katika tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo kwa samaki ndiyo hasa inayouandaa mwili kwa maisha ya maji matamu. Mbele ya jeni ya homoni hiyo, tilapia wana mahali ambapo herufi mbili za DNA hurudiwarudiwa kama mtoto anayejifunza kusema. Kwa samaki wengine marudio ni mafupi na kwa wengine ni marefu. Watafiti hao waliwachanganya sato na tilapia wa Msumbiji, wakawachunguza wajukuu, na wakakuta kwamba urefu wa marudio hayo ulikwenda sambamba na kiasi cha prolaktini kilichotengenezwa, na hata na ukubwa wa samaki walipolelewa katika maji yenye nusu ya chumvi ya bahari. Protini yenyewe haikuhitaji kubadilika. Kilichotofautiana ni kitasa cha kuongezea na kupunguzia sauti.

Kwa hiyo uliponiuliza kama samaki wako wana jeni za kustahimili, swali hilo afadhali liulizwe hivi: je, samaki hao 380 wamerithi mpangilio wa swichi ulio tofauti na wa wale 620, mpangilio ambao watoto wao pia wataurithi? Na mpangilio huo haukai mahali pamoja. Tangu mpangilio kamili wa DNA ya sato ulipochapishwa mwaka 2014, watafiti wametafuta sehemu za kromosomu zinazohusika na chumvi, na wamezipata, ila nyingi miongoni mwazo huchangia kidogo kidogo. Ustahimilivu wa aina hii ni kama harambee: hakuna tajiri mmoja aliyetoa fedha zote.

Nilisema kubaki hai si ushahidi. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoteleza mimi mwenyewe nilipokuwa kijana. Tulikuwa na matangi ya majaribio, tukaongeza chumvi ghafla, wakafa zaidi ya nusu, nasi tukawatenga waliobaki kwa furaha kubwa tukiwaita wateule. Tukawazalisha. Watoto wao tulipowapima pamoja na watoto wa samaki wa kawaida, hawakuwa na tofauti yoyote ya maana. Tuliporudi katika daftari tukagundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote: siku ya kwanza hatukuwapima urefu, lakini wale waliokufa mwanzo tuliwapima, nao karibu wote walikuwa wadogo. Tilapia mdogo mno hana uwezo wa kupambana na chumvi kama mwenzake aliyekua kidogo; uwezo huo huongezeka kadiri mwili unavyokua katika miezi ya mwanzo. Tulichokuwa tumekichagua ni ukubwa, na ukubwa wenyewe ulitokana na nani aliyetangulia kuanguliwa na nani aliyefika kwanza kwenye chakula.

Hebu urudishe mawazo yako asubuhi ile ya Jomvu. Mfuko mmoja ulikuwa umebana samaki kuliko mwingine, oksijeni ikapungua na amonia, ile taka yenye sumu itokayo kwa samaki wenyewe, ikazidi usiku kucha, kwa hiyo waliomo walifika wakiwa hoi kabla hata hawajaionja chumvi. Waliomiminwa kwanza walikutana na maji yaliyo tofauti na waliomiminwa mwisho, hasa ikiwa ulimwaga na maji matamu ya mifukoni, ambayo hukaa juu kwa muda kwa kuwa ni mepesi. Wapo waliokuwa wameshajeruhiwa magamba na wavu walipokuwa wakivuliwa kule walikotoka, na jeraha la ngozi ni tundu la kupitishia chumvi. Wapo ambao bahati iliwaweka katika kona yenye kivuli. Kila moja ya sababu hizi yaweza kumwokoa au kumwua kifaranga, na hakuna hata moja inayorithiwa.

Kisha kuna kuzoea, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kurithi ingawa kwa macho linafanana nalo. Samaki wako 380 leo ni mabingwa wa gramu 19, kwa sababu matamvua yao yamekwisha kujengwa upya. Ukiwarudisha katika maji matamu kwa muda wa kutosha, ubingwa huo utafifia. Na kuna mtego mwingine uliofichika zaidi: mayai ya tilapia yanayotagwa na kuanguliwa katika maji ya chumvichumvi hutoa vifaranga wanaostahimili chumvi kuliko wale walioanguliwa katika maji matamu na kuhamishwa baadaye, hata kama wazazi ni wale wale. Kwa hiyo ukiwazalisha ndani ya bwawa lako hilo na ukaona watoto wanadunda, utaapa kwamba umepata mbegu bora. Mnunuzi wako wa Kwale akiwapeleka wazazi katika maji mengine, miujiza yote itatoweka, na yeye atakuja kukugongea mlango.

Kuhusu joto sitasema mengi. Bwawa la pwani wakati wa kaskazi laweza kufika nyuzi 32 au 33, na kwetu sisi hiyo ni adha, lakini kwa sato hali hiyo ni ya kawaida kabisa. Hatari ya kumwua kwa joto peke yake huanza karibu na nyuzi 40. Kinachoua samaki katika msimu huo ni upungufu wa oksijeni. Maji matamu ya nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, na yakiwa na chumvi ya bahari hushuka hadi karibu 6, huku samaki mwenyewe akihitaji zaidi kwa kuwa joto limemharakisha. Ukiwakuta alfajiri wamepanga midomo juu ya maji, usiseme ni joto. Kwa hiyo kwamba wamevumilia kaskazi si jambo la kujivunia sana, uniwie radhi.

Hata hivyo, joto lina somo lake kuhusu swichi, na siwezi kulipita. Seli inapopata joto kupita kiasi, protini zake hukunjuka na kushikamana, kama vile ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Viumbe karibu vyote hujibu kwa kuwasha jeni za protini za joto, ambazo kazi yao ni kama ya dobi: huokota kilichokunjuka, hukinyoosha na kukikunja upya. Sato anazo, mimi na wewe tunazo. Wapo samaki wa bahari ya Antaktiki, ambako maji hukaa karibu na nyuzi 1.9 chini ya sifuri mwaka mzima, ambao bado wana jeni hizo za dobi lakini wamepoteza uwezo wa kuziongeza wanapopashwa joto. Jeni ipo, lakini swichi ya kuipandisha imekufa, kwa kuwa kwa mamilioni ya miaka hapakuwa na siku iliyoihitaji.

Usije ukadhani kwamba nakukatisha tamaa kwa kusema kuchagua waliobaki hakufanyi kazi hata kidogo. Kunafanya kazi, tena kwa kishindo, masharti yakitimia. Katika pwani ya mashariki ya Marekani kuna kisamaki kidogo cha mabwawa ya chumvi, Fundulus heteroclitus, kinachoishi katika bandari ambazo viwanda vilimwaga sumu kwa miongo mingi. Katika baadhi ya bandari hizo samaki hao hustahimili viwango vya sumu ambavyo ni maelfu ya mara ya kile kinachowaua ndugu zao wa maji safi, nao huzaliwa hivyo hata wakilelewa kwenye maji safi. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba katika bandari nne tofauti, mabadiliko yaliangukia njia ile ile ya ndani ya seli, ile inayopokea taarifa ya sumu na kuiamrisha seli ijibu. Waliostahimili walikuwa wamezima jibu hilo. Lakini tazama walikuwa na nini. Walikuwa na idadi kubwa mno ya samaki, wenye tofauti nyingi za kurithi tangu mwanzo, na walipepetwa kizazi baada ya kizazi. Wewe una samaki 380 na kizazi kimoja.

Na kama wataka kuona mwisho wa safari ya namna hiyo, huna haja ya kwenda Marekani. Nenda ziwa Magadi, kule Kajiado. Humo mna tilapia mdogo, Alcolapia grahami, aishiye katika maji ya magadi makali, yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi, ambapo 7 ni katikati) inayokaribia 10, na katika chemchemi za pembeni joto hupita nyuzi 40. Samaki wa kawaida hutoa taka ya naitrojeni kama amonia kupitia matamvua, lakini katika maji ya namna ile amonia haitoki, hujazana mwilini na kuua. Mwaka 1989 iliripotiwa kwamba tilapia wa Magadi hutoa taka yake yote kama yurea, ambayo haina sumu kali kama amonia, kama tufanyavyo sisi katika mkojo. Jeni za kutengenezea yurea zimo katika samaki wengi ila zimelala. Kwake yeye ziko macho hadi katika misuli. Amefika hapo kwa maelfu ya miaka ya ukame uliolikausha ziwa kubwa la zamani na kumwacha katika vidimbwi vyenye magadi. Ukimweka karibu na sato wako, utaona ameridhika na kimo cha kidole. Ustahimilivu haupatikani bure, na mara nyingi hulipiwa kwa ukuaji.

Tuingie sasa katika hesabu ya kuzalisha. Wafugaji wa mbegu hutumia kipimo kiitwacho kiwango cha kurithika, ambacho husema ni sehemu gani ya tofauti tunazoziona kati ya samaki hutokana na urithi unaopitishwa kwa watoto. Nakupa mfano wa kufundishia tu. Tuseme kiwango hicho kwa ustahimilivu wa chumvi ni 0.2, na wazazi uliowachagua waliishi saa 10 zaidi ya wastani wa kundi. Watoto wao watarajie saa 2 tu za nyongeza. Si haba, lakini huzioni kwa macho, na utazipata tu ikiwa umerudia kizazi baada ya kizazi bila kuacha. Mradi mashuhuri wa kuboresha sato, ule uliojulikana kwa kifupi kama GIFT, ulianza Ufilipino mwaka 1988 kwa kukusanya samaki wa porini kutoka Misri, Ghana, Senegali na hapa kwetu Kenya pamoja na mbegu za wafugaji wa Asia, ukazalisha mamia ya familia zilizotunziwa kumbukumbu. Hata hivyo kila kizazi kiliongeza ukuaji kwa takriban asilimia 10 hadi 15 tu, na ukuaji ni rahisi kupima kuliko chumvi.

Jambo linalonitia hofu zaidi kuhusu mpango wako ni undugu. Huenda hao 1,000 walitoka kwa mama wachache, kwa sababu jike mmoja wa sato huatamia mamia ya mayai mdomoni mwake kwa mara moja. Ukichagua kati ya 380 madume 2 makubwa na majike 20, kama wafanyavyo wengi, kwa hesabu ya urithi una samaki 7 tu na kidogo. Chukua 4, zidisha kwa madume, zidisha kwa majike, gawanya kwa jumla yao: 160 kwa 22. Kwa idadi hiyo, undugu huongezeka kwa karibu asilimia 7 katika kizazi kimoja, ambapo wataalamu hupendekeza usizidi asilimia 1. Baada ya vizazi vitatu utaanza kuona vifaranga wenye uti wa mgongo uliopinda, mayai yasiyoanguliwa, na samaki wanaokufa kwa sababu ndogo. Hapo ndipo mbegu ya kustahimili inapogeuka mbegu isiyostahimili chochote.

Nije kwa jirani. Anachokisema si upuuzi, ila inategemea ana maana ya samaki yupi. Tilapia wa Msumbiji anaishi hata katika maji yenye chumvi kupita bahari, lakini hukomaa akiwa mdogo, huzaa ovyo, na bwawa lako hujaa samaki wa kulisha paka. Ufilipino walimchanganya na sato ili kupata chotara wa maji ya chumvi, ikawachukua miaka mingi ya kurudisha na kuchuja. Chotara wa mara moja, aliyepatikana nyuma ya nyumba, hana uhakika: kizazi cha kwanza chaweza kukufurahisha, na cha pili kikatawanyika kila upande, wengine wakimfuata babu na wengine bibi. Isitoshe, bwawa la Jomvu halina umbali na hori. Siku ya mvua kubwa ikikutana na bamvua, samaki wako wataogelea hadi kwenye mikoko na kutoka hapo hakuna wa kuwaita. Tumekwisha kuona ziwa Victoria: sato aliingizwa humo katika miaka ya 1950, na ngege wa asili, Oreochromis esculentus, baada ya kubanwa na sato, sangara na nyavu, leo ni nadra katika ziwa kuu. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 nayo inataka kibali kabla ya kuingiza samaki wa kigeni, kwa hiyo usikubali mfuko unaoletwa usiku kutoka ng'ambo ya mpaka.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wetu huwatafuta tilapia wa chumvi mbali, ilhali mito ya Sabaki na Tana ina tilapia wake wa asili, Oreochromis spilurus, ambaye alifugwa katika maji ya bahari huko Saudia na Kuwait. Naye mwatiko, ambaye vikundi vya wafugaji wa Kilifi na Kwale humfuga katika mabwawa ya kando ya mikoko, huanza maisha baharini, hukulia horini, na hupita kutoka maji karibu matamu hadi ya chumvi kali bila kulalamika. Jeni unazozitafuta, kwake zimekwisha kupangwa na kuzoeana kwa mamilioni ya miaka. Kasoro yake ni kwamba vifaranga hukusanywa porini kwa msimu, na mifupa yake mingi huwachosha wageni wa bara. Pita katika ofisi za Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi pale Mkomani uwaulize juu ya samaki hawa wawili kabla hujatumia shilingi nyingine.

Kama bado unataka kujua ukweli kuhusu samaki wako 380, na ningependa sana ujue, kuna jaribio unaloweza kulifanya kwa ndoo. Watenge wazazi 60, madume 30 na majike 30, bila kuchagua wakubwa tu, na uwahamishe polepole hadi maji matamu kwa muda wa wiki mbili au tatu. Nunua wazazi wengine wa kawaida, wa umri huo huo, kutoka mahali ulikonunua mwanzo. Zalisha makundi yote mawili katika maji matamu, kila kundi katika vyandarua vyake, na watoto uwalee kila kundi peke yake, kwa chakula kimoja, hadi wafikie urefu wa sentimita 5. Halafu andaa ndoo sita kubwa za maji yaliyopimwa gramu 19, zote kivulini, zote zikipulizwa hewa: tatu kwa watoto wa wateule, tatu kwa watoto wa kawaida, samaki 20 kwa kila ndoo, wenye urefu uliolingana. Chini ya kila ndoo andika namba, na orodha ya namba ipi ni ya nani abaki nayo mkeo au mwanao, ili wewe unayehesabu usijue. Hesabu waliokufa kila baada ya saa sita kwa siku nne.

Tofauti ikitokea katika ndoo zote tatu dhidi ya tatu, una kitu cha kuendeleza, na nitakuja mwenyewe Jomvu tuwatengee familia. Isipotokea, wale wakubwa wauze wakifika gramu 300, kwa kuwa nyama yao haina habari na jeni zako.

Kwa vifaranga utakaowanunua safari ijayo, usingoje majibu ya ndoo. Changanya ndoo 5 za kisima kwa 3 za maji matamu ya bomba yaliyoachwa wazi siku nzima ili klorini iondoke, au ya mvua, upate karibu gramu 12, pale pale palipo sawa na damu yao. Waelee na mifuko yao juu ya bwawa kwa nusu saa, watie maji ya bwawa ndani ya mfuko kikombe baada ya kikombe, na wakishatulia, ongeza maji ya kisima kidogo kidogo ukipandisha gramu 1 au 2 tu kwa siku. Ukiwapima asubuhi ya kwanza, wapime urefu pia, na uandike.